Mfinyanzi na Maduka ya Ng'ambo ya Songwe

Jina alikuwa nalo, na wapo waliolijua, lakini Mwaya nzima, kijiji chetu cha kando ya ziwa, ilimwita Mfinyanzi, nami niliyeolewa jirani naye sikuona sababu ya kumwita vingine. Alikozaliwa na wazazi wake sitasimulia. Hayo yana wenyewe, huko ufukweni chini ya milima ambako kila mwanamke hufinyanga. Mimi nitasimulia alivyonunua vitu. Ni ajabu kumkumbuka mfinyanzi kwa kununua badala ya kufinyanga, lakini vyungu vyake nilivyokuwa navyo vimevunjika vyote, na namna alivyosimama mbele ya meza ya duka bado naiona.

Siku hizo upande wetu alikuwa Mjerumani, na ng'ambo ya mto Songwe alikuwa Mwingereza. Mto wenyewe si mpana. Watu wa ng'ambo ni Wangonde, lugha yao na yetu ni mtu na nduguye; ukimwamkia mtu "Ugonile" anakuitikia bila kukuuliza umetoka wapi. Lakini bendera ilikuwa nyingine, askari wengine, na rupia zetu kule walizigeuza geuza mkononi kama samaki wa jana. Ndani ya maduka ya Karonga, mji wa kule, mlikuwa na vitu ambavyo Mwaya havikufika, au vilifika vikiwa vimepanda bei ya kumtoa mtu machozi. Kwa hiyo tulisema "kwenda ng'ambo," na mtu akirudi kutoka ng'ambo tulimtazama kama mtu aliyesafiri kweli.

Mfinyanzi alikwenda kila alipopata vyungu vya kujaza mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa wa mdogo wake wa kiume, mtu mkimya mwenye mikono mirefu, aliyekuwa akipiga kasia huku anatafuna usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani. Vyungu vilipangwa juu ya majani makavu ya migomba, kimoja ndani ya kingine, naye Mfinyanzi aliketi katikati yao bila kujitingisha mpaka wafike. Kule sokoni bei ya chungu ilikuwa nafaka ya kukijaza. Ukikitaka, unaleta maharage yako, unakijaza, unamimina kapuni mwake, chungu chako. Bei ya namna hiyo haina ubishi. Pengine ndiyo maana ubishi wake wote aliutunza kwa ajili ya kununua.

Maana nyumbani hakuwa nao. Shemeji yake alilima mpaka akaingia kwenye kiwanja alichochomea vyungu, naye akahamisha kuni zake akaenda kuchomea karibu na maji, basi. Mbuzi wa mtu wakimkanyagia vyungu vilivyoanikwa, aliokota vipande akavitia kwenye maji vilainike, udongo upate kufinyangwa tena. Nilipofika pale nikiwa bi harusi nilidhani ni mtu asiyejua kukasirika. Waliosafiri naye walinicheka. Walisema akishavuka Songwe sauti yake inabadilika, utadhani amemeza jogoo.

Kabla ya safari, wanawake walimjia uani. Huyu anataka kaniki ya binti anayeolewa, yule jembe, yule sindano na uzi, mwingine chumvi nyeupe. Kila mmoja alileta alama yake: ukanda wa mgomba uliopimwa kiunoni mwa bi harusi, kifungo kilichobaki peke yake, kipande cha mpini kuonyesha tundu la jembe liwe na upana gani. Alivitia vyote kwenye mfuko wa gome la mti, na sikumbuki hata siku moja aliporudi na kitu kisichomfaa aliyemtuma.

Alikuwa na neno lake: "Kitu cha dukani kina uso na kisogo. Muuzaji atakuonyesha uso." Kazi yake yeye ilikuwa kutafuta kisogo. Kule Karonga kulikuwa na duka kubwa la matofali lenye paa la bati, na ndani yake karani kutoka kusini, kijana wa shule, nywele zimechanwa zikagawanyika katikati. Mara ya kwanza nilipowaona wawili hao pamoja, karani alikuwa amemtandazia merikani mezani.

"Hii nzuri sana, mama. Imetoka Ulaya."

Mfinyanzi alishika pindo akalifikicha kwa vifundo vya vidole, vile vile alivyofikicha udongo kutafuta changarawe, mpaka vumbi jeupe likaanguka juu ya meza.

"Hiki ni nini?"

"Hiyo ni dawa ya nguo, mama."

"Ni unga. Mimi nimekuja kununua nguo, unga ninao nyumbani. Teremsha ile ya juu."

"Lakini hii na ile ya juu, mama, ni sawa tu."

"Kama ni sawa, teremsha ya juu."

Sufuria aliigonga kwa kidole huku ameitegea sikio, kama alivyogonga vyungu vyake. Siku moja alimnunulia sufuria mke wa mwalimu wa misheni, nami nikamuuliza kama haoni kwamba anajiletea njaa mwenyewe. Watu wakizoea sufuria, nani atataka chungu?

"Nimetumwa sufuria," alisema. "Nikileta maneno badala ya sufuria, nitakuwa mwizi." Kisha akafikiri. "Tena chungu kikivunjika mwenyewe analia. Sufuria ikitoboka, nani umemwona akiililia?"

Alisema hivyo, lakini njia nzima alikuwa ameipa ile sufuria mgongo.

Yeye mwenyewe alivaa gome la mti, na siku za ibada kaniki moja iliyokwisha pauka. Nguo zote alizozifikicha na kuzinusa na kuzipigania zilikwenda kwenye miili ya watu wengine. Mabibi harusi wa Mwaya na Ngonga waliolewa wakiwa wamevaa alichochagua yeye, naye aliwatazama wakipita, na nilipomwangalia alikuwa akitazama mshono.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililowapa watu maneno. Wenzake wa safari walisema, na mimi mara chache nilizokwenda nao nililiona, kwamba manunuzi yakishaisha, yeye hupotea. Wao wanaketi mtumbwini na mizigo yao, jua linasogea, Mfinyanzi haonekani. Halafu anatokea akitembea polepole, hasemi alikuwa wapi. Mama mkwe wangu, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala na njaa, alikuwa na jibu.

"Ana mtu huko. Mjane mwenye mtumbwi haendi ng'ambo kufuata sindano tu."

Basi mwaka mmoja, mvua zilipokuwa nyingi, mama mkwe alishikwa na baridi ya kifua. Moto haukumsaidia, gome la mti halikumsaidia. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani kupeleka Tukuyu. Nikaenda kwa Mfinyanzi nikamwomba aninunulie blanketi.

"Blanketi halitumwi," alisema. "Anayelala na mgonjwa ndiye anayejua baridi yake. Twende wote."

Tulipita kandokando ya ziwa. Mbali majini wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoruka makundi makundi, walikuwa wamepaa kama moshi wa kijiji kinachoungua, na mdogo wake akakwepa ili wasituingie machoni. Pale Songwe inapomwaga maji yake mekundu tulinyamaza kwa ajili ya viboko, tukalala mchangani upande wa pili, na kesho yake tukawa Karonga.

Vyungu vilikwisha upesi. Tukaenda dukani. Karani alipomwona Mfinyanzi alishusha pumzi kama mtu anayeona mvua na nguo bado ziko kambani. Akashusha mablanketi. Mfinyanzi aliyafikicha, akayanusa, akauliza kwa nini hili linanuka mafuta ya taa. Halafu, mbele ya wateja wote, alijilaza sakafuni akajifunika moja mpaka kichwani.

"Mama!" karani akapiga kelele. "Watu wananunua humu!"

"Na mimi nanunua," sauti ilitoka ndani ya blanketi. "Ngoja lipate joto."

Alikaa humo, nasi tukasimama tukimtazama. Akatoka, akajifunika jingine. Hilo la pili ndilo tulilochukua, na bei yake ilikatwa mpaka karani akashika kichwa. Mimi nilikuwa nacheka hadi machozi. Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mume wangu aondoke.

Ndipo Mfinyanzi akanyoosha kidole kwenye bafta nyeupe na kuomba kipande kidogo. Hakukigusa. Hakukinusa. Karani alitaja bei, na ilikuwa bei ya uso, ile ya kuanzia. Akalipa yote. Na yule kijana aliyebishana naye asubuhi nzima alimpa nguo kwa mikono miwili bila kuinua macho.

Nje akaniambia, "Nisubiri hapa na mizigo." Akapiga hatua, akageuka. "Au njoo. Maswali yako yatanichosha njiani kuliko miguu."

Tulipita nyumba za mwisho za mji tukaingia kwenye shamba la migomba la mwanamke mmoja muuza chumvi. Mwenye shamba alikuwapo, akipalilia. Alimwona Mfinyanzi, akaweka jembe chini, akaondoka kwenda nyuma ya nyumba bila kusema neno, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Mwisho wa shamba, kando ya mtaro, chini ya mgomba uliosimama peke yake, palikuwa na tuta. Lilizungushiwa vipande vya vyungu. Nililitazama urefu wake; halikufika urefu wa mtu mzima.

Mfinyanzi alipiga magoti akafukua kidogo kwa vidole, akaingiza ile bafta, akafukia. Kisha akaketi, nami nikaketi.

"Mwanangu wa kike," alisema. "Alinililia nimlete aone maduka. Kila nikirudi na vitu aliuliza, huko vinakaaje, vinalala wapi. Nikamleta. Homa ilimshika tulipokuwa majini, na kesho yake, soko likiwa limejaa, akafa pale pale nyuma ya vyungu. Watu walikuwa wanaendelea kujaza maharage."

Aling'oa magugu mawili yaliyoota juu ya tuta.

"Kumrudisha kwa mtumbwi na jua lile, haiwezekani. Na mgeni nani atampa ardhi azikie? Walinihurumia, lakini huruma ya soko, kila mtu alitazama kapu lake. Huyu mama wa chumvi ndiye alisema, mlete kwangu. Kwetu mtoto akifa kilio kinasikika toka Ngonga mpaka ziwani, watu wanacheza msiba mpaka vumbi linapanda. Hapa tulikuwa watatu, mimi, mdogo wangu na huyu mama. Tulilia kwa sauti ndogo, tusiwasumbue wenyeji. Mwaya wanajua alifia safarini, alikolala hawakuuliza."

Alichukua kipande cha chungu kilichoanguka akakisimamisha tena.

"Nilikwenda kumnunulia sanda. Dukani pale pale. Karani akataja bei, nami nikabisha. Unasikia? Nilibishana bei ya sanda ya mwanangu. Mdomo ulikuwa umezoea, ulikwenda wenyewe. Nikafikicha ile nguo. Nikamwambia ina unga. Akapunguza, nami moyoni nikaona furaha, vile unavyofurahi ukishinda. Nimetoka nayo nje, nimefika kwenye jua, ndipo nikakumbuka ni ya nani."

Tukainuka, tukarudi mtumbwini.

Mama mkwe alijifunika blanketi akatoka jasho kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Alipopata nguvu ya kusema, swali lake lilikuwa moja.

"Umemwona huyo mtu wake?"

"Rafiki yake ni mwanamke, mama. Anauza chumvi."

"Chumvi," akasema, akageukia ukutani. Sijapata kumwona mtu aliyevunjika moyo kiasi kile.

Sikumwambia mengine. Hakuna aliyeniomba nifiche, lakini baadhi ya maneno ukipewa unajua yamekusudiwa wewe tu.

Kisha vita ikaja, vita ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe, nasi tukiwa mpakani kama nyasi katikati ya njia. Askari walifika Mwaya wakakusanya mitumbwi yote. Mingine waliipasua kwa shoka. Ule wa mdogo wake Mfinyanzi ulikuwa mzuri, kwa hiyo waliuchukua pamoja na mwenyewe, apige kasia. Aliondoka na usipa wake mkononi. Tulisikia mizinga juu ya maji, upande wa Karonga, siku nzima, halafu kimya, halafu askari wakarudi wachache, wamefungwa vitambaa vyenye damu. Yeye hakuwamo, wala hakuna aliyeweza kusema ameachwa wapi. Mfinyanzi alikwenda kuuliza kambini. Walimfukuza.

Kuvuka Songwe sasa kulikuwa kufa. Haikupita muda, mtu, sijui nani, akampelekea akida habari kwamba Mfinyanzi anajuana na watu wa Mwingereza. Akida wetu alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na hofu nyingi, kwa sababu na yeye alikuwa na wakubwa wake. Akatuita watu wote mbele ya nyumba yake. Mfinyanzi alisimamishwa katikati.

"Ulikuwa unakwenda kwa nani ng'ambo?"

"Nilikuwa nanunua vitu, Bwana."

"Kila mtu hununua vitu. Wenzako wanasema ulikuwa unapotea. Ulikuwa unaonana na nani?"

Akanyamaza.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Nikikupeleka kwa Bwana Mkubwa huko juu, atakutundika. Ulikuwa unaonana na nani?"

Alitazama mikono yake, na sikuona dalili kwamba angejibu. Nilihisi mdomo wangu unafunguka. Lakini mama mkwe, aliyekuwa ameketi mbele yangu, aliinuka kwanza, mzee yule, blanketi begani, akijishikiza kwenye fimbo.

"Bwana Akida, hili blanketi kaninunulia yeye. Alilala chini kwenye duka la Mwingereza, amejifunika gubigubi, apime kama litamfaa kikongwe. Mpelelezi gani huyo anayepeleleza kajifunika kichwa?"

Watu walicheka. Na kicheko kile kilifungua kitu. Mwanamke mmoja akasema, sindano zangu kaninunulia yeye. Mwingine akasema, jembe langu. Wakakimbia majumbani wakarudi na sufuria, kaniki, majembe, vioo, wakaviweka chini mbele ya akida. Kwa kuwa baba wakwe zetu walikuwapo, na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake, wengi wetu tulikuja tumejifunika na tumegeuza migongo, tunarudi kinyumenyume na vyombo mikononi. Akida akashangaa.

"Mbona wananipa mgongo?"

"Ni heshima, Bwana," mzee mmoja akamjibu.

Lile rundo lilikua. Hata mimi, pamoja na hofu, niliona fahari: ilikuwa kazi ya maisha ya mtu mmoja, imewekwa mavumbini ikatazamwa. Akida alilitazama sana. Mwishowe akasema, "Basi. Nimeona. Huyu ni mnunuzi. Mwachilieni."

Tukapiga vigelegele. Tulipokuwa bado tunapiga, akawaambia askari wake, "Hizi ni bidhaa za adui. Kusanyeni."

Wakakusanya. Kila kitu. Mwanamke aliyeng'ang'ania sufuria alipigwa kwa mpini wa jembe lake mwenyewe. Blanketi walilivuta begani kwa mama mkwe akiwa amesimama, akayumba, nikamdaka.

Ndivyo tulivyomwokoa Mfinyanzi, na siku ile ile tukaanza kumchukia. Walioleta vitu wakikimbia waliondoka wakisema kwamba angetaja tu huyo mtu wake, wote tungekuwa na vyombo vyetu. Nilimfuata uani kwake jioni. Nikamwambia, ungesema, Mama, ni kaburi tu.

"Ningesema kaburi," alinijibu, "wangetaka kujua limefukiwa nini ndani yake. Leo wako ng'ambo, kesho wako huku, hawa na wale. Yupo mmoja ambaye angekwenda na jembe kuhakikisha."

Baridi iliyofuata ilimchukua mama mkwe. Hapakuwa na nguo Mwaya. Tulimzika kwa mkeka na gome la mti. Mfinyanzi alikuja msibani na chungu kipya, kikubwa, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona mkononi mwake. Alisimama nacho pembeni ya waombolezaji. Hakuna aliyempokea. Walimpita huku na huku mpaka akakiweka chini akaondoka. Nilikichukua mimi, na kwa kukichukua nikasemwa.

Vyungu vyake havikununuliwa tena. Watu walipikia vigae. Nilimpelekea ndizi na mchele kila nilipokuwa navyo, naye alishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu," lakini hakunikaribisha niketi. Alianza kusahau vitu vidogo. Alilowesha udongo akauacha ukakauka.

Halafu Wajerumani wakaondoka. Walipita usiku na mchana wakielekea milimani, na nyuma yao wakaja Waingereza kutoka Songwe. Mto ukawa mto tu. Nilikwenda kumwambia njia imefunguka, nikakuta nyumba yake imefungwa kwa matete. Jirani hakujua ameondoka lini, wala hakuwa ameuliza.

Mwaka ule ule, baada ya mavuno, nilikwenda Karonga na wanawake wa Ngonga. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka kubeba mizigo, nami nilikuwa nimejifungua, natafuta nguo ya mtoto. Mji ulikuwa umekonda. Duka la matofali lilikuwa limetobolewa kuta na ndani walikuwa wamekaa askari, karani hakuwapo. Vitu vilikuwa vinauzwa nje, juu ya magunia. Nilimkuta pale sokoni, nyuma ya vyungu vichache vyenye nyufa.

"Udongo wa huku haushikani," aliniambia, hata kabla sijamwamkia. "Una mchanga. Ugonile, mwanangu. Huyo ni wa kwako?"

Nilimpa mtoto. Alimpakata, akamshika kisigino kwa kidole gumba, akamrudisha upesi.

Nikamweleza nimefuata nini. Nilitaka aniinukie, tuzunguke wote, afikiche, anuse, agombane na watu. Alitikisa kichwa. "Chagua mwenyewe. Macho yako ni mazima." Nilichagua. Nilirudi nikamwonyesha, akasema ni nzuri. Nilijua si nzuri, unga ulikuwa unadondoka nikiikunjua, naye aliuona.

"Turudi nyumbani, Mama," nilisema. "Waliokuwa na maneno wengine wamekufa. Wengine wamesahau."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Badala ya kujibu aliinuka anisindikize. Alimwachia muuza viazi vyungu vyake, tukapita nyumba za mwisho za mji. Shamba la migomba halikuwapo. Askari walilikata lote wakati wa vita ili waone adui anakotokea, wakachimba mahandaki katikati yake, na baadaye wakayafukia. Mama wa chumvi alikimbia, na alikokimbilia hakurudi. Mtaro ulikuwa umechanganyika na mahandaki, huwezi kujua upi ni upi. Vipande vya vyungu vilikuwa vimetapakaa kila mahali, maana hata askari walikuwa wanapikia vyungu.

"Zamani nilijua mahali," alisema. "Nilikuja, nikakaa, nikaondoka. Sasa sipajui, kwa hiyo siwezi kuondoka. Nikienda Mwaya nitakuwa nimemwacha."

Tulisimama tukitazama. Hapa na pale, kutoka kwenye mashina yaliyokatwa, machipukizi ya migomba yalikuwa yamekwisha kutoka, mengine yamefika gotini.

"Unaona?" alinishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile uso wake kuwa na uhai. "Mgomba ukikatwa haufi. Nimewaomba watu wasiguse. Ikishakua nitaliona shamba lilivyokaa, mistari yake, na ule wa mwisho uliokuwa peke yake. Hapo nitajua."

Nilitazama. Machipukizi yalikuwa yametoka ovyo, kwenye mahandaki yaliyofukiwa, njiani, kila udongo ulipochimbuliwa na shina kutupwa. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Nimelima migomba tangu utoto. Nilijua kwamba shamba lile likikua litakuwa msitu tu. Na yeye pia alikuwa amelima migomba.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Itakua."

Akashukuru, akamfunika mtoto wangu vizuri na ile nguo mbaya, akageuka kurudi sokoni, kwa kuwa jua lilikuwa bado juu na vyungu havijauzwa.